Gari jipya lenye tabia za kizamani

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki nyingi, na wale mliouliza niko wapi, asanteni sana. Sikuugua wala sikupata kazi Marekani. Ziwa lilihamia kwetu. Nitafika huko, kwa sababu ziwa na gari langu vimeingia kwenye kesi moja, na leo nataka kuandika juu ya gari. Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya programu na kompyuta. Vumilieni kidogo, kompyuta zimo tele.

Gari lenyewe ni Toyota 86 la mwaka 2015, la gia za mkono. Nchi nyingine waliliita GT86, Marekani likauzwa kwanza kwa jina la Scion FR-S, na pacha wake ni Subaru BRZ. Milango miwili. Viti vinne kwenye karatasi, viwili kwenye maisha halisi. Vile vya nyuma hukaa kipakatalishi changu na mfuko wa viazi nikitoka Kinungi. Nililiagiza kutoka Japani mwaka 2022, na ilikuwa sasa au kamwe, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ushuru wa forodha wakati huo ulikuwa asilimia 25. Tangu 2023 ni 35, na hapo hujaongeza kodi nyingine zote, ikiwemo VAT ya 16. Siku hizi hesabu ile nisingeiweza.

Naishi Kihoto. Kwa msomaji wa Dar au Muscat asiyepafahamu: ni mtaa wa Naivasha, kati ya mji na ziwa, na majirani zangu wengi hufanya kazi kwenye mashamba ya maua. Neno lenyewe kwa Kikuyu ni haki, au hoja iliyonyooka ambayo mtu hawezi kuipinga. Hoja tunazo. Barabara iliyonyooka hatuna. Tumbo la gari langu liko sentimita 13 tu kutoka ardhini, na siku ya kwanza nilipoingia nalo mtaani, mzee mmoja jirani alisimama, akainama, akachungulia chini yake kama mtu anayetafuta kuku, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, hii umenunua ya kupanda ama ya kutazama?"

Swali zuri. Nimelijibu kichwani karibu kila siku tangu hapo, hasa nikivuka matuta kwa mshazari, tairi moja moja, huku bodaboda wakipiga honi nyuma. Leo nalijibu kwa maandishi.

Mwaka 1983 Toyota walitoa Corolla ndogo zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, zikaitwa Levin na Trueno. Jina lake la kiwandani lilikuwa AE86. Injini ya lita 1.6, uzito chini ya tani moja, bei ya mtu wa kawaida. Zilikoma 1987 na hazikuwa na cha ajabu, ila vijana wa Japani waligundua kwamba kwenye barabara za milimani gari hilo lilimfundisha mtu kuendesha. Baadaye ikaja katuni ya Initial D, ambamo AE86 ya kupelekea watu tofu inawashinda wenye magari ya pesa nyingi, na jina likawa kama la mtakatifu. Kwa hiyo mwaka 2012 Toyota na Subaru walipotoa gari jipya kwa pamoja, mhandisi mkuu akiwa Tetsuya Tada, jina la 86 lilichaguliwa makusudi. Injini ni ya Subaru, lita 2, mitungi minne iliyolala. Kipenyo cha kila mtungi ni milimita 86, na mwendo wa pistoni ni milimita 86. Wajapani wakiamua kukumbuka kitu hawafanyi mzaha.

Kwa takwimu si gari la kutisha. Nguvu za farasi 200, kilo 1,240 hivi, kutoka 0 hadi 100 kwa sekunde 7.6. Tesla Model 3 ile ya kasi zaidi hufika hapo kwa sekunde 3 na kidogo, na inabeba watoto. Langu halina turbo. Na tairi lilizotoka nazo kiwandani zilikuwa Michelin Primacy, jamii ileile iliyovishwa pia Toyota Prius, gari la dereva wa teksi mwenye hesabu kali. Hebu soma tena hapo. Watu waliunda gari la michezo, kisha wakalivalisha viatu vya ofisini.

Walikuwa na sababu. Tairi pana yenye kunata sana huficha mambo. Unaweza kuwa unakata kona kwa 120 usihisi lolote, mpaka ile nukta inapoachia, na hapo huna tena muda wa kujifunza. Tairi nyembamba huanza kulalamika mapema. Kwenye kona za barabara ya kusini mwa ziwa, ukipita Karagita alfajiri ya Jumapili kabla matatu hazijaamka, kwa kilomita 60 tu kwa saa, usukani unakuambia tairi za mbele zinafikiria nini na kiti kinakuambia za nyuma zinafikiria nini. Sijawahi kuhitaji mwendo wa wazimu ili nifurahi. Rafiki zangu wenye Subaru za turbo huhitaji, na polisi wanawajua kwa majina.

Hilo ndilo ninaloliita ukale. Sisemi kuzeeka, wala rangi, wala ile harufu ya petroli kwenye shati. Nasema gari linalokupa habari mapema na kukuachia kazi yako.

Sasa kompyuta. Wenye magari ya zamani ya kweli huniambia kwamba ukale wangu ni wa kuigiza, nao wana hoja. Kanyagio langu la mafuta halivuti waya wowote. Linatuma namba kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayofungua mlango wa hewa ya injini. Usukani unasaidiwa na mota ya umeme. Kila mtungi una sindano mbili za petroli, moja ndani kabisa na nyingine kabla ya valvu, na kompyuta huamua ipi imwage kiasi gani, mara nyingi kuliko unavyopepesa jicho. Kuna mfumo wa kuzuia kuteleza. Hata sauti ina mkono wa mtu: kuna bomba linaloleta mtetemo wa hewa ya injini hadi karibu na dashibodi ili dereva aisikie vizuri.

Yote kweli. Na hapa ndipo mimi, mtu anayekula kwa kuandika programu, naanza kuona raha. Maana yake ni kwamba mtu fulani huko Japani alikaa mbele ya skrini akaamua: kanyagio likibonyezwa robo, mlango ufunguke kiasi gani? Angeweza kuandika lolote. Angeweza kufanya kama wanavyofanya wengi, ukigusa kidogo gari linaruka kama limechomwa sindano, ili mnunuzi akilijaribu dakika tano aseme lina nguvu. Akaandika kitu kinachoeleweka na mguu. Na yule wa usukani vilevile. Ile mota ingeweza kumeza kila kokoto kabla haijafika mikononi mwako. Aliacha nyingine zipite.

Huo ni uamuzi mgumu kuliko unavyoonekana, na nyinyi mnaoandika programu mnajua. Hakuna bosi anayekusifu kwa kipengele ambacho hukukiweka.

Nitakiri dhambi yangu. Miaka kadhaa iliyopita mteja mmoja alitaka programu ya simu ya kujaza fomu ndefu. Mtandao ulikuwa mbovu, na yeye hakutaka watu wauone ubovu huo, kwa hiyo akaniambia ule mstari wa kupakia uwe unasogea hata kama seva haijajibu. Niliuandika. Ulikuwa unakwenda kwa kujiamini hadi asilimia 90, kisha unasimama hapo ukitabasamu. Watu walidhani kazi imekwisha, wakafunga simu, na fomu zao zikapotea. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu kwenye skrini kila kitu kilikuwa kinapendeza. Nalikumbuka jambo hilo kila nikikanyaga klachi, na sijui kama klachi inastahili kubebeshwa mzigo huo.

Linganisheni na hadithi ya BMW M5 iliyotoka 2011. Turbo zilikuwa zimenyamazisha injini, basi wakaileta sauti yake ndani kupitia spika za redio. Sisemi ni gari baya; ni gari ambalo sitalinunua katika maisha haya. Lakini lile bomba langu linapitisha kilichopo, na spika inasimulia. Bomba likiziba nitajua. Spika itaendelea kusimulia.

Nisije nikalifanya gari langu malaika, nalo lina uongo wake mdogo. Kuna kitufe cha kuzima mfumo wa kuzuia kuteleza. Ukikishikilia sekunde tatu taa inawaka na unaamini umebaki wewe na Mungu wako. Wamiliki waligundua zamani kwamba sehemu ya mfumo bado iko macho, na ili ulale kabisa kuna mpangilio wa siri wa kukanyaga breki na kuvuta hendibreki mara kadhaa, kama hatua za ngoma. Mlango wa nyuma wa wahandisi, ule ambao kila mmoja wetu ameuacha kwenye programu yake akijiambia ataufunga kesho. Mimi sijawahi kuicheza ngoma hiyo. Nina mke.

Jambo ambalo halikuandikwa kwenye jarida lolote la Ulaya, na ambalo ni letu sisi wa bonde la ufa, ni hewa. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Injini yenye turbo haijali sana, ina pampu ya kusukumiwa. Injini yangu hunyonya hewa kwa kifua chake yenyewe. Nilikwenda kulichukua bandarini mwenyewe, mtu wa kulipandisha nilimkataa, na kwa hiyo nilihisi jambo zima kwenye mguu: pale Mombasa lilikuwa linavuta kama ng'ombe wa kukodi, Voi zuri, Emali nikaanza kuuliza, na tulipofika juu ya Limuru lilikuwa limekuwa gari jingine. Zile farasi 200 za Japani zinafika Kihoto zikiwa kama 160. Arobaini zimebaki Mtito Andei.

Kuna mtu atasema hiyo ni kasoro. Mimi nasema hiyo ni habari. Gari lilinieleza tumepanda kiasi gani, bila skrini. Tena lina bonde lake maarufu, kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 hivi kwa dakika, ambapo nguvu hupungua na gari linakuwa kama linawaza jambo la nyumbani. Ukiwa nyuma ya lori la kabeji kwenye mlima wa Kinungi na unataka kupita, huwezi tu kukanyaga na kuomba. Lazima uangalie mbali, ushushe gia mapema, uwe juu ya bonde kabla hujatoka upande wako wa barabara. Au ukae nyuma ya kabeji. Nimekaa nyuma ya kabeji mara nyingi sana, na niko hapa naandika.

Huku kwetu watu hawahitaji kuelezwa haya kwa kirefu. Safari Rally ilianza 1953, ikatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, na iliporudi 2021 makao yake yakawa Naivasha. Kuanzia mwaka huo hadi 2025 Toyota walishinda kila mara, na watoto wa mtaani wanawajua kina Ogier na Rovanperä kuliko wanavyowajua wabunge. "Anko, hii inaweza kuingia Safari?" wananiuliza. Nawaambia hii haiwezi kuingia hata kwa shangazi yenu mvua ikinyesha. Wazee nao hukumbuka 1993, Patrick Njiru alipoifikisha mwisho Subaru Vivio, kigari cha injini ya chini ya lita moja, kwenye njia zilizovunja magari makubwa. Hapo kulikuwa na mtu anayejua kusikiliza gari.

Turudi kwenye skrini, maana nimeahidi kompyuta. Mnajua ni kitu gani kimezeeka vibaya kuliko vyote kwenye gari langu? Injini ya 2015 iko sawa. Gia zinaingia kwa mlio uleule wa chuma kukutana na chuma kilichotiwa mafuta. Kilichokufa ni redio na ramani. Ramani inaijua Japani peke yake na inazungumza Kijapani kwa heshima kubwa, ikiomba kadi ambayo sina. Redio ya Japani ilitengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90, na stesheni zetu huanza karibu na 88 hadi 108, kwa hiyo bila kifaa cha kuongeza nashika kidirisha chembamba tu, mahubiri na mnada wa ng'ombe. Kila Mkenya mwenye gari la Japani anacheka hapa kwa sababu anaijua hali hiyo. Kile kilichouzwa kama usasa wa gari ndicho kilichozeeka kwanza, na kile walichokiacha kifanye kazi kwa chuma na mkono wa mtu bado ni kijana.

Na mambo yanaelekea pabaya zaidi. Mwaka 2022 BMW walijaribu, kwenye nchi kadhaa, kuwatoza watu kila mwezi ili viti ambavyo tayari vimo ndani ya gari vipate joto. Kelele zikawa nyingi na 2023 wakaacha. Mwaka huohuo wa 2022 Mercedes walitangaza Marekani kwamba baadhi ya magari yao ya umeme yangekimbia zaidi ukilipa dola 1,200 kwa mwaka. Mota ni ileile. Umelipa nyumba, sasa unakodishwa ngazi. Mimi fundi wangu pale mjini ana kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, cha bei ya simu ya kawaida, na mpaka leo hakuna kitu ndani ya 86 kilichomwomba nywila. Hiyo pia naihesabu kwenye ukale.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuirukia. Kutoka Kihoto, ukitazama ng'ambo ya ziwa asubuhi ya baridi, unaona mvuke wa Olkaria. Mtambo wa kwanza pale uliwashwa 1981, na leo joto la ardhini linatupa karibu nusu ya umeme wa nchi nzima. Halafu mimi, jirani wa Olkaria, nachoma petroli ambayo mwaka 2025 ilikuwa juu ya shilingi 180 kwa lita, kwenye gari la viti viwili na nusu, kwa sababu napenda mlio. Mpwa wangu aliniambia hivyo mbele ya watu, na hakuna cha kumjibu. Gari langu lijalo huenda likawa la umeme. Ninachoomba ni kwamba atakayeliandikia programu aache kokoto zipite. Umeme haukatazi hilo. Anayelikataza ni mtu.

Haya, ziwa.

Naivasha limekuwa likipanda kwa miaka. 2020 lilikuwa limeshaingia Kihoto mara moja. Mwishoni mwa 2025 lilikuja kwa nguvu. Hakukuwa na wimbi wala kelele. Kila asubuhi maji yalikuwa yamesogea hatua chache, mpaka nyumba za chini zikawa ndani ya ziwa na watu wakaanza kuhamishwa kwa mashua, magodoro yakiwa juu ya vichwa. Viboko nao walifuata maji yao.

Sasa fikiria wewe ni mtu mwenye gari la sentimita 13. Wenzangu wenye magari marefu waliangalia dimbwi la kwenye kona wakasema bado. Mimi sikuwa na anasa hiyo. Siku dimbwi lilipogusa bampa ya mbele nililiondoa gari nikaliweka juu, karibu na barabara kuu, na kwa sababu nilikuwa nimeliondoa gari nikaona ujinga kubakisha kompyuta, na kwa sababu nimehamisha kompyuta mke wangu akauliza yeye na watoto wanangoja nini. Tukatoka siku tisa kabla maji hayajaingia sebuleni. Viti vya nyuma vya 86 hulala, na waliokiunda walihakikisha magurudumu manne yanaenea. Nathibitisha kwamba zinaenea pia skrini mbili, sufuria zote, na mtoto mmoja kati ya wawili. Magodoro hayakuenea. Yalibebwa na Probox ya jirani, safari nne, na hakutaka pesa.

Hapo ndipo nilipopata aibu ambayo ndiyo iliyoninyamazisha hapa. Tulikuwa tumepanga chumba upande wa juu. Majirani zangu walikuwa wamepoteza nyumba walizojenga kwa miaka ya kukata maua. Na nje ya mlango wangu limeegeshwa gari la kuchezea, safi, halina hata tone. Nikaliweka sokoni. Kijana mmoja wa Nairobi akaja na bei nzuri, tukakubaliana arudi Jumamosi na pesa.

Ijumaa nikampeleka yule mzee, yule wa swali la kuku, kwa binti yake upande wa Kinungi. Nyumba yake ilikuwa na maji hadi madirishani. Alishuka kwenye kiti kwa shida, akashika paa, akasema, "Kijana wangu, hii mnakaa kama kwenye beseni." Hatukuongea sana. Tulipofika kwenye barabara kuu akaanza kusikiliza. Niliona kichwa kimeinama upande. Kisha akaniambia kitu ambacho miaka yote hii sikukijua: kwamba miaka ya sabini aliendesha lori la mizigo kwenye barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu, inayopita kikanisa walichojenga mateka wa Kiitaliano 1942. Gia za zamani, unakanyaga klachi mara mbili kwa kila moja, breki za kuombea.

"Niachie kidogo," akasema.

Nilisita. Nikasimama mahali pazuri, tukabadilishana. Alivuta kiti mbele mpaka kifua kikakaribia usukani. Akaizima mara moja. Akacheka. Halafu tukaondoka, na baada ya gia ya tatu sikuwa na la kumfundisha. Kwenye mlima kulikuwa na lori la kabeji, kama kawaida. Mzee hakutazama saa ya mizunguko hata mara moja. Alisikia injini inaanza kuwaza mambo yake, pale pale penye bonde, akashusha gia kabla haijaomba, klachi mara mbili kwa mazoea ya lori, ikaingia kama kijiko kwenye uji. Akaangalia mbele, akaona kuna matatu inashuka, akabaki nyuma ya kabeji.

"Hii inasema ukweli," akasema. Kimya. "Hata kwamba haina nguvu, inasema."

Nilimpigia yule kijana wa Nairobi jioni hiyo nikamwomba msamaha. Hakufurahi, na ana haki.

Mzee nilimsimulia Jumapili. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya kwanza. "Usiuze," akasema. "Lakini utafute na kitu cha kubeba magodoro. Ziwa halijamaliza." Kwa hiyo natafuta Probox ya gia za mkono, isiyo na kutu, bei ya mtu aliyehama. Anayejua ilipo, kuanzia Gilgil hadi Nairobi, aniandikie.